Jerikeni Sita Kati ya Kumi: Historia ya Kuokoa Maji Mjini Kampala

Utangulizi

Kila mwaka, tunaposahihisha insha za wanafunzi wetu, mada ya maji haikosekani. Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza kutumika nchini Uganda mwaka 2020, na Kiswahili kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, insha za aina hii zimezidi kuwa nyingi. Mwanafunzi huanza na msemo kwamba maji ni uhai, huendelea kuwaonya wananchi wafunge mifereji vizuri, hushauri watu waoge kwa ndoo, kisha humalizia kwa methali ya haba na haba. Lugha huwa safi na alama hupatikana.

Hata hivyo, mwanafunzi mmoja kutoka upande wa Bwaise alituuliza swali darasani ambalo tumelifikiria kwa muda mrefu: “Mwalimu, sisi tunaonunua maji kwa jerikeni, tufunge mfereji upi?” Wenzake walicheka, lakini swali lenyewe halikuwa la kuchekesha. Liligusa historia nzima ya mji huu. Ni nani hasa aliyekuwa akipoteza maji ya Kampala, na ni nani aliyekuwa akiambiwa ayaokoe?

Katika makala haya tunaifuata historia hiyo kwa ufupi, tangu enzi ya chemchemi hadi leo. Tutajadili mambo matatu: mtandao wa mabomba, nyumba za watu, na sehemu za biashara. Mwishoni tutarudi kwenye kazi yetu sisi walimu wa lugha, kwa sababu maneno tunayoyatumia kueleza jambo hili yana mchango wake katika namna linavyoeleweka.

Chemchemi na bomba la kwanza

Kampala ni mji wa vilima na mabonde. Kati ya kilima na kilima kuna kinamasi, na penye miteremko hububujika chemchemi. Waganda huita kisima au mahali pa kuchotea maji oluzzi, na kwa vizazi vingi familia zilipata maji yao huko. Kabaka Mwanga, katika miaka ya 1880, aliamuru kuchimbwa kwa ziwa karibu na Mengo, ambalo mpaka leo linaitwa Ziwa la Kabaka. Nia ilikuwa kuliunganisha na ziwa kubwa la Nnalubaale, yaani Ziwa Viktoria. Kazi hiyo haikukamilika, lakini inaonyesha kwamba wazo la kuunganisha mji na ziwa ni la zamani kuliko ukoloni.

Maji ya bomba kutoka ziwani yalianza kufika mjini mwaka 1930, baada ya kujengwa mtambo wa kwanza wa kusafishia maji huko Gaba. Tangu siku hiyo mfumo wa Kampala umekuwa na sura ileile: maji huvutwa kutoka ziwani, husafishwa, husukumwa kwa pampu hadi kwenye matangi yaliyo juu ya vilima, kisha huteremka yenyewe kuelekea nyumbani kwa watu. Kilima cha Muyenga, kwa mfano, kinajulikana na wakazi wengi kwa jina la matangi yake kuliko kwa jina lake halisi.

Mambo mawili katika mpangilio huo yanafaa kuangaliwa. Kwanza, kila lita inayofika mjini imepandishwa mlima kwa nguvu ya umeme. Ikivuja njiani, imeondoka pamoja na gharama ya dawa iliyoisafisha na ya umeme ulioipandisha. Pili, mabonde hupata maji yenye msukumo mkubwa ilhali nyumba zilizo juu hupata kidogo. Msukumo ukiwa mkubwa, ufa mdogo katika bomba huvuja zaidi. Tatizo la uvujaji lilikuwa ndani ya umbo la mji wenyewe.

Wakati huo Kampala ilikuwa miji miwili. Upande mmoja palikuwa na manispaa ya serikali ya kikoloni, yenye Nakasero na Kololo. Upande mwingine palikuwa na Kibuga, makao makuu ya Buganda huko Mengo. Pande hizo ziliunganishwa kuwa mji mmoja mwaka 1968 tu. Mabomba yalitangulia kufika kwenye nyumba za Wazungu na za wafanyabiashara wa Kiasia, na Waafrika wengi waliendelea na chemchemi zao. Mgawanyiko wa wenye mifereji na wasio nayo ulianzia hapo, na alama zake bado zinaonekana.

Jerikeni: chombo na neno

Kabla ya kuendelea, hebu tutue kidogo kwenye neno jerikeni, kwa sababu hakuna chombo kinachoieleza historia ya maji ya Kampala vizuri kuliko hicho.

Chombo chenyewe kilibuniwa Ujerumani katika miaka ya 1930 kwa ajili ya kubebea mafuta ya magari ya kijeshi. Kilikuwa cha chuma na kilibeba lita 20. Katika Vita Kuu ya Pili, askari wa Uingereza waliokuwa wakipigana Afrika ya Kaskazini walikiona kuwa bora kuliko madebe yao, wakakiteka na baadaye wakakiiga. Wakakipa jina lililotokana na lakabu waliyowaita Wajerumani. Kutoka jeshini neno lilienea, na Kiswahili kikalitohoa kuwa jerikeni. Baadaye kikaja cha plastiki, ambacho mara nyingi huingia nyumbani kikiwa na mafuta ya kupikia. Mafuta yakiisha, kinaanza maisha ya pili ya kuchotea maji.

Leo jerikeni ni kipimo cha maji kwa wengi zaidi kuliko lita au mita ya ujazo. Uniti moja katika bili ya maji ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, sawa na jerikeni 50. Hesabu hii huwashangaza wanafunzi tunapoifanya ubaoni. Mchuuzi akiuza jerikeni moja kwa shilingi 200, mnunuzi wake analipa shilingi 10,000 kwa uniti. Mtu mwenye mfereji ndani ya nyumba hulipa kiasi kilicho chini sana ya hicho. Kwa hiyo, asiye na mfereji hutumia maji machache zaidi na huyalipia zaidi. Wala hahitaji kuhubiriwa juu ya kuokoa. Maji ya kuoshea mboga huosha sufuria, ya kufulia hupigia deki, na yanayobaki humwagwa mbele ya nyumba kutuliza vumbi. Kwa Kiganda tendo hilo huitwa okukekkereza, kutumia kwa uangalifu ili kitu kisiishe.

Miaka ya kuporomoka

Mwaka 1972 serikali ilianzisha Shirika la Taifa la Maji na Majitaka, likianza na miji ya Kampala, Entebbe na Jinja. Mwaka huohuo Idi Amin aliwafukuza Waasia, na uchumi wa mijini ukayumba. Vipuri vikaadimika, mafundi wakatawanyika, na vita vya 1979 pamoja na vile vya 1981 hadi 1986 vikamalizia kilichobaki. Mabomba yaliyozikwa ardhini hayaonekani, kwa hiyo hayakuwa jambo la kwanza kukumbukwa.

Wakati huohuo mji ulikuwa ukikua. Sensa ya 1969 ilihesabu watu wapatao 330,000 mjini Kampala. Ile ya 1991 ilihesabu takriban 774,000, na ya 2002 ikafikia karibu milioni 1.2. Jibu la kwanza la wakuu lilikuwa lile tunalolitarajia: kuongeza maji. Mtambo wa pili wa Gaba ulikamilika mwaka 1992 kwa msaada wa wafadhili.

Hapo ndipo historia inapotoa funzo lake kubwa. Maji mengi yaliingizwa katika mabomba makuukuu. Bomba bovu likijazwa zaidi, linavuja zaidi. Aidha, wateja wengi hawakuwa na mita zinazofanya kazi, wengine walijiunganishia maji kwa siri, na wengine walipelekewa bili za kukisia. Kufikia mwaka 1998, takriban asilimia 60 ya maji yaliyozalishwa na shirika hayakuwa yakilipiwa. Katika kila jerikeni kumi zilizosafishwa na kusukumwa, sita hazikuleta hata senti moja. Shirika lililokosa fedha halikuweza kukarabati mabomba, na mabomba yasiyokarabatiwa yalizidi kulikosesha fedha.

Gharama ya hali hiyo haikuwa ya fedha peke yake. Mahali ambapo bomba halifiki, au linafika likiwa kavu, watu hurudi kwenye chemchemi. Lakini chemchemi za 1998 hazikuwa zile za zamani, kwani zilikuwa zimezungukwa na vyoo vya shimo na taka. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipofurika mabondeni, kipindupindu kiliingia Kampala na kuwapiga hasa wakazi wa mitaa ya chini. Maji yaliyovuja ardhini bila kuonekana yangeweza kuwa maji salama ya watu hao. Ndiyo maana tunasema kwamba suala la kuokoa maji ni suala la uhai kwa maana ya moja kwa moja, si la kupamba insha.

Siku 100 na yaliyofuata

Mwishoni mwa mwaka 1998 shirika lilipata uongozi mpya chini ya Dakta William Muhairwe, ambaye aliliongoza hadi mwaka 2011. Mnamo Februari 1999 ulitangazwa mpango wa siku 100. Haukuwa mpango wa kujenga mtambo mwingine. Ulihusu kubana uvujaji, kusahihisha orodha ya wateja, kukusanya madeni na kupunguza gharama zisizo za lazima. Mipango mingine iliufuata, kila mmoja ukiwa na malengo yanayopimika, na mameneja wa maeneo wakafunga mikataba iliyowalipa kulingana na matokeo. Katika mji wa Kampala wenyewe, kampuni za kigeni zilipewa mikataba ya kusimamia huduma kwa vipindi viwili kati ya 1998 na 2004, kisha kazi ikarudi mikononi mwa shirika.

Ni hatua gani hasa ziliokoa maji? Tunaweza kuzitaja nne.

Ya kwanza ni mita. Mwaka 1998 takriban theluthi mbili tu ya wateja walikuwa na mita; miaka kumi baadaye karibu wote walikuwa nazo. Mtu anayelipa kiasi kilekile, atumie kidogo au kingi, hana sababu ya kuuita ufundi uliotukuka utengeneze choo kinachovuja. Mita humpa sababu hiyo.

Ya pili ni msamaha kwa waliojiunganishia maji kinyume cha sheria. Wengi wao walikuwa tayari kuwa wateja halali endapo hawangeadhibiwa. Pamoja na hilo, utaratibu wa kuunganishiwa maji ulirahisishwa mwaka 2004. Wizi mwingi ulikuwa umezaliwa na urasimu, na urasimu ulipopungua, nao ukapungua.

Ya tatu ni kusaka uvujaji. Kazi hii hufanyika sana usiku. Kati ya saa nane na saa kumi alfajiri, watu wengi wamelala na mifereji imefungwa. Ikiwa mita ya mtaa bado inazunguka kwa kasi wakati huo, sehemu kubwa ya maji yanayopita yanakwenda ardhini. Mafundi huligawa eneo katika sehemu ndogondogo, hufunga valvu moja baada ya nyingine, na huusikiliza mlio wa bomba kwa fimbo au kwa chombo maalumu mpaka wapate penye ufa.

Ya nne ni kasi ya kutengeneza. Ufa mdogo ulioachwa kwa mwezi mzima hupoteza maji mengi kuliko mpasuko mkubwa unaozibwa siku hiyohiyo. Kwa hiyo, mpita njia anayepiga simu kuripoti dimbwi barabarani ni sehemu ya mtandao wa kuokoa maji.

Matokeo yalikuwa makubwa. Wateja wa shirika katika miji yake yote waliongezeka kutoka takriban 51,000 mwaka 1998 hadi zaidi ya 200,000 mwaka 2009. Maji yasiyolipiwa yalishuka kutoka asilimia 60 hadi karibu theluthi moja, ingawa Kampala, kwa ukubwa na ukongwe wa mabomba yake, ilibaki nyuma ya miji midogo. Mtambo wa tatu wa Gaba ulikamilika mwaka 2007, na safari hii maji mapya yaliingia katika mtandao uliokuwa na hali nafuu. Katika miaka ya 2020, mtambo mwingine mkubwa ulianza kazi huko Katosi, wilayani Mukono, mbali na ghuba ya zamani.

Majumbani na kwenye biashara

Je, tunataka kusema kwamba mkazi hana wajibu? Hasha. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Hata tukikadiria kwamba matone 20 hufanya mililita moja tu, mfereji huo hupoteza zaidi ya lita 4 kila siku, yaani jerikeni nzima kwa siku tano. Choo cha kuvuta cha mtindo wa zamani humwaga lita 9 au zaidi kila mara, ilhali cha kisasa hutosheka na lita 6 au pungufu. Familia ya watu sita yenye choo cha zamani huteketeza jerikeni kadhaa kwa siku kabla hata haijapika. Paa la mabati nalo, katika mji wenye misimu miwili ya mvua, ni chanzo cha maji kinachopuuzwa. Tangi na mfereji wa paa vinatosha kupata maji ya kufulia na kumwagilia bustani.

Kwenye biashara hesabu ni kubwa zaidi. Hoteli, hospitali, shule za bweni, viwanda vya bia na soda, na sehemu za kuoshea magari hutumia kwa saa moja kiasi ambacho nyumba haikitumii kwa wiki. Lakini biashara zina faida moja: bili yao ni kubwa kiasi cha kumfanya mwenyewe asikilize. Mwosha magari anayetumia ndoo na kitambaa badala ya kuuacha mpira ukimwaga, au hoteli inayoweka mita ndogo kwa kila jengo ili ijue maji yanakopotelea, huona tofauti mwisho wa mwezi. Shule za bweni ziko karibu nasi zaidi. Mwalimu anaweza kuwatuma wanafunzi wasome mita ya shule saa tatu usiku na tena alfajiri. Wakikuta imesogea sana, watakuwa wamefanya utafiti wa kweli, na ripoti yake itakuwa insha bora kuliko nyingi tulizozisoma.

Ziwa na kinamasi

Kuna aina nyingine ya upotevu isiyopimwa na mita yoyote. Majitaka ya katikati ya mji hufuata mfereji wa Nakivubo, hupita katika kinamasi cha Nakivubo na kuingia kwenye ghuba ileile ambayo Gaba huvuta maji yake. Kwa miaka mingi kinamasi hicho kiliyachuja majitaka bila kulipwa. Utafiti wa kiuchumi uliofanyika mwaka 1999 ulikadiria kwamba huduma hiyo ina thamani ya zaidi ya dola milioni moja za Kimarekani kwa mwaka. Kadiri kinamasi kinavyofukiwa na kulimwa magimbi na miwa, ndivyo maji machafu yanavyolifikia ziwa, na ndivyo mtambo unavyohitaji dawa zaidi kusafisha lita moja.

Hata wingi wa ziwa si wa kutegemewa bila kufikiri. Kati ya 2003 na 2006, ukame pamoja na maji mengi yaliyoachiliwa kwenye mitambo ya umeme ya Jinja viliteremsha kina cha ziwa kwa zaidi ya mita moja. Mwaka 2020 ziwa lilipanda na kufurika mwaloni. Mji unaokaa kando ya ziwa huweza kudanganyika kwamba maji hayaishi, lakini ghuba iliyochafuka ni sawa na ghala lililojaa nafaka iliyooza.

Upotevu, israfu na ubadhirifu

Sasa turudi kwenye lugha. Kiswahili kina maneno kadhaa kwa jambo ambalo watu wengi hulitaja kana kwamba ni moja. Upotevu unatokana na kitenzi potea, ambacho hakimtaji mtendaji: maji yamepotea, basi. Israfu na ubadhirifu, yote mawili yenye asili ya Kiarabu, yanamlenga mtu anayetumia kupita kiasi au kutapanya mali. Wizi unamtaja mwizi. Hujuma inamtaja mwenye nia mbaya. Kuvuja kunakitaja chombo kibovu.

Katika taarifa za mamlaka za maji, hasa nchini Tanzania, neno linalotawala ni upotevu wa maji. Ndani yake hujumuishwa bomba lililopasuka, mita inayodanganya, mteja anayeiba na karani asiyeandika. Kama istilahi ya jumla, linafaa. Kama maelezo, linaficha mengi, kwa maana kila kimoja katika hivyo kina mwenyewe na dawa yake. Insha za wanafunzi, kwa upande mwingine, hutumia lugha ya israfu pekee, na mtuhumiwa huwa mkazi. Kwa hiyo lugha ya ofisini haina mtendaji, na lugha ya darasani ina mtendaji mmoja tu, tena mara nyingi asiye yeye.

Tunapendekeza kwamba tunapofundisha mada hii, tuwape wanafunzi msamiati wote na tuwadai wautumie kwa usahihi. Aandikaye kwamba maji yanapotea aulizwe: yamevuja, yameibwa, hayakupimwa, au yametapanywa? Ni zoezi la msamiati, na papo hapo ni zoezi la uraia. Tangu Julai 2022, serikali ya Uganda ilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, matumaini ni kwamba bili, matangazo na taarifa za umma zitazidi kuandikwa kwa lugha hii. Watakaoziandika wako madarasani mwetu leo.

Hitimisho

Historia ya Kampala inaonyesha kwamba akiba kubwa ya maji ilipatikana pale wenye dhamana walipoyatazama mabomba, mita na vitabu vyao wenyewe. Mkazi mwenye mfereji ana wajibu, na mwenye hoteli au kiwanda ana wajibu mkubwa zaidi. Lakini mwenye jerikeni amekuwa akiokoa maji siku zote, na kwa gharama yake.

Kwa mwanafunzi wetu wa Bwaise, jibu ni kwamba hana mfereji wa kufunga. Ana haki ya kuuliza jerikeni sita kati ya kumi zilikwenda wapi, na ana lugha ya kuulizia. Kazi yetu ni kuhakikisha lugha hiyo anaijua barabara.